Meli za nyangumi zilipita na kwetu, makumbusho yetu yaseme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua, maana ile makala yenu kuhusu nyangumi wanaoonekana msimu wa kusi nimeisoma mpaka mwisho na nimeipenda sana, ila kuna mstari mmoja umenikaa rohoni. Mwandishi kasema kuvua nyangumi ni historia ya wazungu huko kwao na sisi hatumo. Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Massachusetts, huku huku zilikotoka zile meli zenyewe, na nakwambieni tumo, tena tumo sana, na makumbusho yetu ilitakiwa yaseme hivyo zamani.

Kuna mji hapa unaitwa New Bedford. Mwaka 1857 mji huo peke yake ulikuwa na meli 329 za kuvua nyangumi na mabaharia kama 10,000, yaani ulihesabiwa kati ya miji tajiri kabisa ya Marekani, na utajiri wote huo ni mafuta. Taa za majumbani, mishumaa, mashine za viwandani kulainishwa, vyote vilitegemea mafuta ya nyangumi kabla mafuta ya ardhini hayajaanza kuchimbwa Pennsylvania 1859. Sasa walipowamaliza wa karibu wakaenda mbali, Pasifiki, na wengine wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema wakaingia Bahari ya Hindi kumtafuta yule nyangumi wa kichwa kikubwa anayetoa ambari, ile kama nta ya tumboni mwake inayotiwa kwenye manukato. Walivua kuanzia Shelisheli, Komoro mpaka huku kwetu. Meli ikitoka kwao inakaa baharini miaka mitatu minne, maji yanaisha, kuni zinaisha, watu wanaumwa kiseyeye, kwahiyo lazima watie nanga mahali, na mahali penyewe ni Mahe, Nzwani na Unguja.

Sisi shuleni tulifundishwa mkataba wa Seyyid Said na Wamarekani wa 1833, tukafundishwa balozi wao wa kwanza alifika 1837, Richard Waters wa Salem, tukafundishwa merikani, pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, basi. Hakuna mwalimu aliyetaja kwamba katika meli za Marekani zilizofika bandarini miaka hiyo zilikuwemo za nyangumi, na mabaharia wake walishuka wakatembea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Mmoja wao aliandika. Anaitwa J. Ross Browne, kijana aliyeingia meli ya nyangumi 1842, akateseka humo vibaya mno, alipofika Unguja 1843 akapata mtu wa kushika nafasi yake akashuka akabaki. Kitabu alichotoa 1846 kina sehemu nzima kuhusu Unguja, na kilikuwa katika vitabu vilivyowafungua macho Wamarekani kuhusu namna mabaharia wao walivyokuwa wakitendewa kwenye zile meli. Macho yake ni ya mgeni na mengine anayoyasema kuhusu watu wetu yanaudhi, lakini huo ni ushahidi wa mtu aliyekuwepo, na ni wa kwetu kama ulivyo wa kwao.

Pale New Bedford kuna makumbusho ya nyangumi, ilianzishwa na chama cha historia cha mji mwaka 1903. Ndani wamejenga meli nzima ya matanga, Lagoda, nusu ya ukubwa wake wa kweli, tangu 1916, unapanda kabisa unatembea juu yake. Kwenye dari wamening'iniza mifupa ya nyangumi, mmojawapo ni nyangumi bluu ambaye bado alikuwa mdogo, urefu wa kama mita 20, aligongwa na meli ya mafuta mwaka 1998. Mifupa yake mpaka leo inachuruzika mafuta. Wameweka chupa chini, tone linashuka taratibu, la rangi ya kahawia kama asali iliyoungua, na ukisimama pale unaelewa kwanini watu walizunguka dunia kwa ajili ya kitu hiki kuliko vile ungesoma kitabu chochote.

Ila kilichonishika mimi ni madaftari. Wanayo madaftari ya safari zaidi ya 2,000, nahodha au msaidizi wake akiandika kila siku upepo, mahali walipo, walichokiona. Siku waliyoua nyangumi walipiga muhuri mdogo wa wino wenye umbo la nyangumi pembeni mwa ukurasa, na katikati ya umbo wameacha sehemu nyeupe ya kuandika mapipa mangapi ya mafuta yametoka. Nyangumi akiwaponyoka wanapiga muhuri wa mkia tu. Unafungua ukurasa unaona mihuri imejipanga, nyangumi, nyangumi, mkia, nyangumi, na pembeni kuna majina ya visiwa unavyovijua. Hiyo ni bahari yetu imeandikwa na mtu asiyejua jina la hata mvuvi mmoja wa kwetu.

Na jambo lingine mhariri, hii historia sio ya wazungu peke yao hata huko huko kwao. Chusa, yaani mkuki wa kumchomea nyangumi, lililobadilisha kazi yote lilitengenezwa na mtu mweusi, mhunzi Lewis Temple, anasemekana kuzaliwa utumwani Richmond, Virginia, akafika New Bedford akafungua karakana yake. Machusa ya zamani yalikuwa yanachomoka, nyangumi akivuta kidogo tu chusa limetoka amekwenda zake. Temple mwaka 1848 akatengeneza lenye kichwa kinachozunguka, likishaingia nyamani kichwa kinageuka kinakaa kimkingamo, halitoki tena. Hakuandikisha haki ya ugunduzi, wahunzi wengine wakaiga wakatajirika, yeye akafa 1854 bila mali ya maana. Frederick Douglass, aliyekuja kuwa mpinga utumwa maarufu, naye alipotoroka utumwa 1838 alikimbilia mji huo huo, alikuwa fundi wa kuziba nyufa za vyombo lakini mafundi wazungu wakakataa kufanya naye kazi, ikabidi abebe mizigo na kufanya vibarua vya kila aina. Watu wa Cape Verde ndio kabisa, walichukuliwa kwa mamia visiwani kwao wakawa mabaharia na kizazi chao kiko hapa mpaka leo. Malipo yalikuwa kwa mgao, kama wavuvi wetu wanavyogawana sehemu ya chombo, ya nyavu na ya nahodha, tofauti ni kwamba hapa tajiri anachukua fungu nono halafu baharia wa chini anapewa labda sehemu moja kwa 175 au pungufu ya hapo, na anakatwa nguo na tumbaku alizokopa melini, wengine walirudi baada ya miaka mitatu wanadaiwa.

Halafu karne ya 20 ikaja na meli za injini na chusa la bomu, ambalo Mnorwei Svend Foyn alishalifanikisha karne ya 19, na hapo ndipo yalipotokea maafa yenyewe. Karibu nyangumi milioni 3 waliuawa dunia nzima ndani ya karne moja. Durban walikuwa wanavua mpaka 1975, na makundi ya nyangumi wa Antaktika yaliyokuwa yanachinjwa kule kusini ni pamoja na hao hao nyangumi nundu wanaopanda kuja kuzaa pwani yetu kuanzia Julai. Wenye ndugu Oman nao wajue hili, Novemba 1966 meli za Kisovieti ziliingia Bahari ya Arabia zikaua nyangumi nundu zaidi ya 200 kwa siku chache, kwa siri, ukweli ukaja kujulikana miaka ya 90. Nyangumi wale hawahami kama wenzao, wanakaa pale pale mwaka mzima, na sasa wa pwani ya Oman wanakadiriwa hawafiki hata 100. Aliyesimama kuitetea bahari yetu ni nchi ndogo kabisa, Shelisheli, ndiyo iliyopendekeza Bahari ya Hindi iwe hifadhi ya nyangumi na ikakubaliwa 1979, miaka saba kabla marufuku ya dunia nzima ya uvuvi wa biashara haijaanza. Hilo nalo sijawahi kuliona limeandikwa kwenye ukuta wowote wa makumbusho Afrika Mashariki na linaniuma.

Wala tusianzie na Wamarekani. Karne ya 10 huko al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu, alishaandika kuhusu ambari ya pwani ya Zanj, yaani pwani yetu hii, na jinsi ilivyosifika. Watu wetu hawakuhitaji kumuua nyangumi ili waipate, bahari iliitupa ufukweni wakaiokota wakaiuza Arabuni, ikawa manukato na dawa. Yaani miaka mia tisa kabla ya meli ya kwanza ya New Bedford kutia nanga Unguja tayari nyangumi alikuwa kwenye biashara yetu.

Kwahiyo ombi langu kwa wanaohusika na mambo ya kale Zanzibar ni hili. Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, liliporomoka sehemu Desemba 2020 na likawaua watu, ni msiba tusiousahau, na kazi ya kulirudisha ni kubwa. Likirudi kuwa makumbusho, chumba kimoja kiwe cha nyangumi. Kwenye jumba lililokuwa na mtepe, chombo cha zamani cha mbao za kushonwa, katikati ya ukumbi kitakaa vizuri tu. Kiwe na ambari, njia za biashara yake, ramani ya meli za nyangumi zilikopita, habari za Browne, habari za Temple, Durban, Oman, Shelisheli, na mwisho nyangumi nundu wanaoonekana leo, ili mtoto wa skuli atoke pale anajua anachokitazama akiwa ufukweni Nungwi au Watamu.

Na gharama sio kisingizio. Hao New Bedford na wenzao wa Mystic, Connecticut, wanakotunza meli ya Charles W. Morgan ya 1841, ile ya mwisho ya mbao ya kuvua nyangumi iliyobaki duniani, wameweka orodha ya safari zaidi ya 15,000 kwenye intaneti, bure, na madaftari mengi yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Mwanafunzi mmoja wa SUZA, chuo kikuu cha Zanzibar, mwenye laptopu na bando anaweza kuanza kesho kutafuta zile zilizofika Unguja na Nzwani. Picha za kurasa zenye mihuri ziombwe kwa barua rasmi, taasisi kwa taasisi, sioni kwanini wakatae.

Jambo la mwisho ni kwa wasomaji. Wazee wa Kizimkazi, Makunduchi, Pemba, Lamu na Ngazija wanaojua habari za kuokota ambari, au nyangumi aliyepanda pwani na mifupa yake ilifanywa nini, waandikeni hapa gazetini au muwarekodi kwenye simu sasa hivi wakiwa hai, maana kwenye yale madaftari ya New Bedford sauti zao hazimo kabisa.

Wenu,
Mzanzibari wa Massachusetts