Kabla ya kuuziwa betri nyingine, gari lipimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalotugharimu wenye magari, hasa sisi tuliomudu magari yaliyokwisha kutumika Japani. Gari likigoma kuwaka asubuhi, mafundi wengi na wauza spea hutuambia papo hapo kwamba betri imekufa, kisha wakatuuzia nyingine bila kupima chochote.

Mimi nilinunua betri mbili ndani ya miezi 14. Ile ya pili, mpya kabisa, iliniacha nimekwama Tabata karibu kila Jumatatu alfajiri, nikimgongea jirani anibusti ili niwahi foleni ya Barabara ya Mandela. Nilirudi dukani na kadi ya dhamana mkononi, muuzaji akanijibu kwamba betri nimeiua mwenyewe. Kwa kiasi fulani alisema kweli, ingawa hakuwa na njia ya kujua, kwa kuwa hakuwahi kuipima wala siku aliyoniuzia.

Kilichonifumbua macho ni hiyo Jumatatu, maana betri mbovu haichagui siku. Katikati ya wiki gari lilitembea kila siku na alteneta, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuichaji betri, ikarudisha kilichopotea usiku, lakini tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri lilikuwa limeegeshwa kwa takriban saa 60. Fundi umeme niliyempata baadaye, kijana mwenye subira, alizima kila kitu, akafunga milango, akafungua terminali ya hasi na kuunganisha mita kati ya terminali na waya wake, kisha akangoja karibu nusu saa ili kompyuta ya gari itulie. Mita ilisoma ampea 0.6, wakati gari lililozimwa kwa kawaida halivuti zaidi ya ampea 0.05 hivi kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu ya kompyuta. Akaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine, na alipoifikia ya redio, namba ikaporomoka. Aliyenifungia redio alikuwa ameziunganisha pamoja nyaya mbili, ule wa kudumu na ule unaotegemea swichi, ili muziki upigwe hata bila ufunguo. Kwa hiyo amplifaya haikuwahi kulala. Ukizidisha ampea 0.6 kwa saa 60 unapata ampea-saa 36, na betri yangu ikijaa hubeba ampea-saa 45 tu. Hapo gari lingewakaje?

Sisemi kwamba betri hazifi. Joto la Dar es Salaam huzichosha mapema, na gari linalokaa foleni likiwa na kiyoyozi na taa hupata chaji kidogo mno. Hata betri nzima ikiachwa tupu mara kwa mara, salfeti hugandia kwenye bamba zake za risasi na haipokei tena chaji kama mwanzo. Ndivyo ilivyoharibika ile yangu ya pili. Lakini kuipima ni kazi ya dakika chache: betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, na injini ikiunguruma mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, mgonjwa ni alteneta au mkanda wake, na betri mpya haitasaidia kitu.

Badala ya mita, wapo mafundi ambao bado hung'oa terminali injini ikiwa inawaka, gari lisipozima wakatangaza kwamba alteneta ni nzima. Kwa magari ya zamani sana huenda ilivumilika. Kwa haya ya sasa umeme unaweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta, na hasara hiyo inazidi bei ya betri kadhaa. Wengine huongeza asidi kwenye betri iliyopungua, ilhali kinachokauka humo ni maji na asidi hubaki, hivyo kinachotakiwa ni maji yaliyochujwa kwa mvuke.

Ombi langu kwa mamlaka zinazomlinda mlaji ni moja. Muuzaji wa betri alazimike kupima gari kabla na baada ya kuifunga, na vipimo vitatu viandikwe kwenye risiti pamoja na tarehe: volti za betri ikiwa imepumzika, volti injini ikiwaka, na ampea zinazovutwa gari likiwa limezimwa. Kwa risiti ya namna hiyo, mteja akirudi na dhamana yake, mabishano ya nani ameiua betri yatamalizwa na namba. Mita ya kawaida inauzwa Kariakoo kwa sehemu ndogo tu ya bei ya betri moja, kwa hiyo hakuna duka litakaloweza kudai kwamba limeshindwa gharama.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam