Semina za ajira zipimwe kwa ajira, si kwa saini

Mhariri,

Binti wa marehemu dada yangu alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Mwaka jana aliitwa kwenye semina ya siku mbili, hapa hapa Tanga mjini, ya kuwasaidia wahitimu wa familia duni kupata kazi. Walifundishwa kuandika wasifu na kujibu maswali ya usaili. Mlangoni alisaini karatasi yenye jina, simu na saini. Mpaka leo hajapigiwa hata mara moja kuulizwa kama kazi imepatikana. Lakini waandaaji walishatangaza kuwa wamefanikiwa, kwa sababu ukumbi ulijaa.

Inaniuma. Anakaa kwenye kibanda cha mtu kule Ngamiani akiweka na kutoa pesa za simu za watu, na bahasha ya kaki yenye vyeti iko juu ya kabati langu.

Uingereza wahitimu huulizwa miezi 15 baada ya kumaliza chuo: unafanya kazi gani? Sisi tuna Bodi ya Mikopo, ambayo mnufaika akiajiriwa hukatwa 15% ya mshahara. Waliohudhuria wakiridhia, majina yao yaoanishwe na orodha ya wanaokatwa. Mwenye genge pale Mgandini hataonekana humo, huyo apigiwe simu.

Ila kujua waliofika wameishia wapi hakutoshi. Binti yetu alikwenda kwa miguu. Wenzake wa Pangani na Mkinga, wengine nauli iliwashinda, wengine habari ziliwafikia semina imekwisha. Aliyeweza kufika huenda angepata kazi hata bila semina, kwa kuwa yuko mjini na ana watu. Ukimlinganisha na aliyebaki kijijini, utaisifu semina kwa jambo lililofanywa na nauli. Kwa hiyo nauli ilipwe kwanza. Kisha, nafasi zikiwa 60 na waombaji 200, waokote vikaratasi mbele ya wote. Hakuna anayedhulumiwa, maana nafasi hazikutosha tangu mwanzo. Waliokosa nao waandikwe namba za simu, na baada ya mwaka na nusu wote 200 waulizwe: unafanya nini, unalipwa kiasi gani, na kazi hiyo inahitaji shahada yako? Waliopata nafasi wakiwazidi waliokosa, hapo ndipo tutajua semina imesaidia.

Karatasi ya saini naamini bado iko kwenye faili. Namba ya binti yetu haijabadilika.

Mwalimu mstaafu,
Makorora, Tanga