Usishuke Pwani na jeti za kabureta za Nairobi

Mwanangu,

Huku Malindi hatujambo, mamako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Nimefurahi hotirodi yako, hilo gari la zamani uliloliongezea nguvu, imewaka. Ila hapo uliposema utaishusha Idi hii vilevile ilivyo, niliweka kikombe cha chai chini.

Umetia jeti za 43, vile vidude vya shaba vya kabureta vyenye tundu la kupitisha petroli. Kwa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ziko sawa: hewa ya huko ni nyepesi, ukaipunguzia injini petroli ili vilingane. Huku hewa ni nzito. Kadiri unavyoteremka kuelekea Voi injini inapata hewa zaidi, na tundu la petroli ni lile lile. Kufika Mariakani itakuwa inapiga chafya kwenye kabureta, nawe utalaumu plagi.

Hizo kabureta zako za Stromberg 97 zilitoka kiwandani na jeti kuu za 45, yaani tundu la inchi 0.045. Usione 43 na 45 ukadhani tofauti ni ndogo. Petroli inapita kwenye uwazi wote wa tundu, si kwenye kipenyo. Piga hesabu ya mraba utaona 45 imezidi kwa karibu asilimia 10. Basi tia 45 hukohuko kabla hujaondoka. Kila kabureta ina jeti kuu mbili, na wewe una kabureta mbili, kwa hiyo ni nne. Hesabu kabla ya kufunga. Mpaka Emali plagi zitashika masizi kidogo, ziache. Masizi yanatoka kwa brashi, lakini pistoni ya Ford V8 ya 1946 ikitoboka kwa njaa ya petroli, tutaipata duka gani?

Na jeti zinunue, usizichokonoe. Nilipokuwa mwanagenzi nilizibua jeti ya Peugeot 404 kwa uzi wa waya wa breki ya baiskeli. Siku ya tatu mwenye gari akarudi na risiti za petroli mkononi, hasemi neno. Nikaielekeza jeti kwenye mwanga wa dirisha: tundu lilikuwa limegeuka yai. Shaba haishindani na chuma. Tangu hapo ni petroli safi na upepo wa kompresa tu.

Pampu je? Kama umefunga ya umeme, ipime. Kabureta hizo hazivumilii shinikizo la zaidi ya pauni 3 kwa inchi ya mraba. Sindano ya floti, lile boya la ndani ya kabureta, inashindwa kufunga, petroli inafurika, na utabadilisha jeti mwezi mzima ukitafuta kosa lisilokuwepo hapo.

Ukifika tutakwenda barabara ya Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki, asubuhi mapema. Utakanyaga mafuta mpaka mwisho, kisha ukanyage klachi na kuzima injini papo hapo, tuegeshe, tufungue plagi. Nyeupe kama chokaa, petroli ni haba, tunapanda 46. Nyeusi, petroli imezidi, tunarudi 44. Rangi ya biskuti, tunakwenda zetu kula mahamri. Namba moja moja, usiruke.

Njoo na 44 na 46, nne nne, ndani ya chupa ya dawa yenye kifuniko. Mara ya mwisho ulizitia mfukoni pamoja na sarafu.

Babako