Nyumba za mbao zinazoongezwa na kupunguzwa zipewe nafasi Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kuhusu ujenzi wa makazi katika Jiji la Dodoma, hasa kwa sisi tunaojenga kwa akiba ya mshahara.

Anayepita Nzuguni, Mkonze au Nala hawezi kukosa kuona mapagale yaliyoishia kwenye lenta, nondo zikiwa zimeshika kutu na nyasi zikiwa zimeota mahali palipokusudiwa kuwa sebule. Sababu inayotajwa daima ni fedha, na ni kweli, lakini naamini tatizo huanzia kwenye ramani. Mtumishi aliyehamia hapa na mwenza wake na mtoto mmoja huchorewa nyumba ya vyumba vinne, kwa kuwa anawafikiria watoto watakaozaliwa, mama mzazi atakayekuja kuishi naye na mdogo wake atakayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Msingi wa familia ya miaka 15 ijayo hulipiwa kwa kipato cha leo, ukameza akiba yote, na familia ikaendelea kupanga. Hata anayefanikiwa kumaliza hufika mahali watoto wakaondoka, akabaki na vyumba vitupu asivyoweza kuvipangisha kwa sababu mlango wa kuingilia ni mmoja na choo ni kimoja.

Wakazi wa Dodoma Mjini walikuwa 410,956 katika Sensa ya mwaka 2012, na kufikia Sensa ya mwaka 2022 walikuwa 765,179. Ongezeko hilo ni la familia zinazobadilika kila mwaka, ilhali nyumba tunazozijengea hazibadiliki bila nyundo na vumbi.

Ninachopendekeza ni nyumba ndogo yenye kiini cha tofali, ambamo kuna choo, bafu na jiko, kisha vyumba vya fremu za mbao vinavyounganishwa na kiini hicho, kimoja baada ya kingine, kadiri familia inavyokua. Vipimo vyote vifuate hatua ya meta 1.2, kwa sababu mbao za plywood na gypsum zinazouzwa madukani zina upana wa takriban huo, na fundi atakata na kutupa kidogo tu. Viungo vikazwe kwa bolti na nati badala ya misumari. Hapo ndipo penye siri ya mfumo wote: ukuta uliokazwa kwa bolti hufunguliwa kwa spana, ukahamishwa meta chache, na ubao uleule ukatumika tena. Nguzo ndizo zinazobeba paa, kwa hiyo ukuta wa kati unaweza kuondolewa bila nyumba kutikisika. Chumba cha mwisho kikipewa mlango wake wa nje tangu mwanzo, kijana atakaa humo leo, mpangaji kesho, na bibi keshokutwa.

Jambo hili limekwisha kufanyika kwingine. Mjini London, katika eneo la Lewisham, msanifu Walter Segal alibuni nyumba za fremu za mbao zilizofuata vipimo vya bidhaa za madukani, na katika miaka ya 1980 wananchi wasio mafundi walizijenga wenyewe kwenye viwanja vya mteremko. Wala si jambo geni hapa kwetu, kwa kuwa tembe la Wagogo, lenye nguzo za miti na paa bapa la udongo, liliongezwa upande baada ya upande kuzunguka ua kaya ilipopanuka.

Najua swali la kwanza la msomaji wa Dodoma litakuwa mchwa, na ana haki ya kuuliza. Mbao ya msindano kutoka Sao Hill, Mufindi, ikiwekwa hapa bila kinga itageuka unga. Dawa inayopakwa kwa brashi hukaa juu juu tu, kwa hiyo inatakiwa mbao iliyosukumiwa dawa kwa mgandamizo hadi ndani, kama zinavyofanyiwa nguzo za umeme. Zaidi ya hapo, sakafu ikae juu ya vijiguzo vya zege, walau sentimeta 45 kutoka ardhini, na kila kijiguzo kivishwe kofia ya bati iliyokunjwa kingo kuelekea chini. Kofia hiyo haiui mchwa. Kazi yake ni kuwalazimisha kujenga njia yao ya udongo nje, ambapo mwenye nyumba ataiona na kuibomoa mapema. Mabaki ya mbao hizo yasichomwe jikoni kamwe, kwani moshi na majivu yake yana sumu.

Mbao nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi, na zikitoka kwenye ubaridi wa Mufindi kuingia katika hewa kavu ya Dodoma hupinda zikiwa tayari zimepigiliwa. Zipangwe kivulini, zikitenganishwa na vijiti, hadi zikauke.

Kuhusu joto, nakiri kwamba ukuta wa mbao hupata moto haraka mchana, ingawa pia hupoa haraka usiku. Ndiyo maana kiini cha tofali kinafaa kuwekwa upande wa magharibi, kipokee jua la alasiri, na jiko kubaki humo kwa ajili ya usalama wa moto. Kwa kuwa nyumba nyepesi huweza kuezuliwa na upepo, paa lifungwe kwa mikanda ya chuma hadi kwenye zege. Maji nayo yatapungua matumizi, jambo la maana katika jiji linalotegemea sana visima vya Mzakwe, kwani sehemu kubwa ya nyumba haitahitaji kumwagiliwa ili ikomae.

Naliomba Jiji la Dodoma liandae ramani ya mfano ya nyumba ya aina hii na kutoa kibali kimoja kinachotaja hatua zake zote, ili anayeanza na kiini na chumba kimoja ahesabiwe kuwa amekamilisha hatua halali, na anayeongeza cha pili atoe taarifa ya ukaguzi tu badala ya kuanza maombi upya. Kibali hicho kitaje pia umbali kutoka mpaka wa jirani, uthibitisho wa dawa ya mbao, na ukaguzi wa kofia za bati kabla sakafu haijafunikwa.

Fundi seremala,
Nzuguni, Dodoma