Shukrani kwa dada wa Rameswaram

Dada uliyevaa sari ya kijani, jina lako sikulipata. Naandika hapa ili watu wajue ulichotutendea.

Nilimpeleka mama kuhiji Rameswaram, mji mtakatifu wa Wahindu kusini mwa India. Alishaoga baharini, pale ufukweni paitwapo Agni Theertham, tukaingia hekaluni kwenye visima 22 ambako mahujaji humwagiwa maji kwa ndoo. Sakafu inateleza mno. Mama akateguka mguu, na umati ukanitenganisha naye.

Ulimkalisha kando ya nguzo, ukachana kitambaa chako ukamfunga kifundo. Kisha ukampa bega, mkaenda kisima kwa kisima, ukiwaomba wenye ndoo wammiminie polepole. Lugha hamkuelewana, ukawa unamhesabia kwa vidole. Na kwa vile haingiwi patakatifu na nguo mbichi, ulimsitiri kwa shuka akabadili. Hilo la mwisho ndilo mama halisahau: hukuacha aaibike.

Nilipotoa rupia, uliikunja ngumi yangu ukairudisha kifuani kwangu.

Mnaokwenda huko, mkimwona mzee amekwama peke yake, mshikeni mkono.

Kile kitambaa mama amekifua, amekikunja, hataki kiguswe.