Jiko langu lilipimwa chuoni, majibu yakabaki chuoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa majiko ya mkaa hapa Gerezani, Dar es Salaam. Nyundo nimeishika mwaka 1991, nikianza kama kijana wa kukata madebe na kunyoosha bati. Siandiki kuomba mtaji wala kulalamikia kodi ya kibanda, hayo yana siku yake. Leo naandika kuhusu maabara.

Habari za nishati safi ya kupikia tunazisikia kila siku. Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 hadi 2034 unataka ukifika mwisho wake asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Sina ugomvi nao. Mke wangu mwenyewe ana mtungi wa gesi wa kilo 6 na anaupenda. Ila mtungi ukikata tarehe 20 na mshahara wa mtoto bado, jiko langu linatolewa uvunguni, na wateja wangu wananiambia kwao ni vilevile. Mkaa utaendelea kuwaka mjini hapa kwa miaka kadhaa, tupende tusipende. Kilichobaki ni kujua unawakaje, na hilo ndilo nililolijulia maabara, baada ya miaka mingi ya kudhani nalijua.

Ilikuwa hivi. Vijana wawili wa chuo kikuu kimoja walifika kibandani wakachukua majiko matatu bila kuomba punguzo. Nikajua hawa si wateja. Binti akaniambia, "Shikamoo fundi, tunasomea uhandisi, tunataka kuyapima haya." Nikampa futi. Akacheka mpaka akashika kichwa, kisha akanialika nikaone wanavyopima.

Nilikwenda na shati la Ijumaa. Chumba chenyewe ni kidogo kuliko nilivyodhani. Jiko linakaa juu ya mizani, na juu yake linaning'inia bomba la bati linalovuta moshi wote kwa feni. (Bati lile lilikunjwa ovyo na ribiti zimepigwa kwa haraka, lakini nilikuwa mgeni, nikanyamaza.) Wanabandika sufuria ya maji lita 5, wanatumbukiza kipimajoto, halafu wanakaa kutazama. Mkaa unavyoungua ndivyo mizani inavyoshuka, gramu kwa gramu, na kompyuta inaandika kila kitu. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia wateja jiko langu "halili mkaa". Siku ile nikaona kwa namba linakula kiasi gani.

Kilichonigusa zaidi ni kikaratasi. Ni cheupe, cha mviringo, wanakipitishia sehemu ya ule moshi. Walianza na kuni kwenye mafiga matatu. Kikatoka cheusi kama chini ya sufuria la pilau ya msibani. Wakaweka kingine, wakawasha jiko langu, kikatoka na ukijivu wa mbali tu. Nikavuta kiti nikakaa kama mwenye nyumba. Theluthi hivi ya joto ilikuwa imeingia kwenye maji, wakasema si haba, maana mafiga joto lake jingi huishia hewani.

Ndipo binti akanigeuzia kompyuta. Kulikuwa na mstari umepanda kama ngazi ya mnara. "Hii ndiyo kaboni monoksaidi, fundi. Masizi jiko lako halina sana, lakini hii linatoa nyingi."

Naomba niieleze kama alivyonieleza, maana nina hakika wengi hawaijui. Mkaa ukipata hewa ya kutosha huungua ukaisha, ukatoa hewa ukaa. Hewa ikiwa pungufu, uunguaji unakatika njiani na inatoka gesi nyingine, haina rangi, haina harufu, na damu ya binadamu huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ule mwali wa bluu unaocheza juu ya mkaa uliokolea, ambao sisi husema ndio moto umeiva, ni gesi hiyo inaungua. Ukiuona, afadhali. Usipouona, huenda gesi inatoka nzima na wewe umekaa hapo unapepea. Kila baridi ikishika nyanda za juu tunasikia familia imelala na jiko chumbani haikuamka. Mimi nilizoea kusema ni uzembe wa watu. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimekaa kimya kwenye daladala.

Jiko ninalotengeneza si ubunifu wangu. Ni lile lenye kiuno, bati nje na udongo wa kuchoma ndani, lililotengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la ndoo la Thailand, likashuka mpaka kwetu. Lilifanywa kwa ajili ya kubana mkaa, na mkaa linabana kweli. Hilo si dogo, kwa sababu katika tanuri la udongo kule porini kilo 10 za kuni mara nyingi hazifikishi hata kilo 2 za mkaa. Ila kubana mkaa ni jambo moja na kuunguza safi ni jambo jingine. Hata vipimo vya kimataifa vya majiko, vile vya shirika la viwango la kimataifa, ISO, vya mwaka 2018, vinatoa ngazi kuanzia 0 hadi 5 kwa kila jambo kivyake: joto kivyake, chembe za moshi kivyake, kaboni monoksaidi kivyake. Jiko linaweza kuwa juu huku na likawa mkiani kule. Langu ndivyo lilivyo.

Nikaanza kuhangaika. Nilichukua tindo nikatoboa matundu kuzunguka shingo ya jiko, juu ya usawa wa mkaa, ili hewa nyingine iingie ikaimalizie ile gesi. La kwanza nililitoboa matundu 12. Moto ukatoka kwa hasira, mwali wa bluu ukapanda vizuri sana. Nikampa mama lishe wa jirani alijaribu. Kesho yake akalirudisha mwenyewe kichwani: "Fundi, hili linakula kuliko wateja wangu. Maharage hayajalainika, mkaa umekwisha." Nikapunguza, la pili likawa na matundu 8. Hilo akalisifu. Sasa je, lile analolisifu linatoa gesi kidogo kuliko la zamani, au nimetoboa bati bure? Kwa macho huwezi kujua, na kwa pua huwezi. Huo uzoefu wangu wa zaidi ya miaka 30 hapo hauna kazi. Anayejua ni ile mashine tu.

Nikarudi chuoni na majiko mawili kwenye kiroba. Mlinzi akataka barua. Nikarudi na barua. Nikaambiwa mradi ulikwisha, wafadhili walimaliza muda wao, wale vijana wamehitimu, na mashine haiwezi kutumika mpaka inunuliwe gesi ya kuisawazishia, yaani ya kuhakiki kwamba inapima sawasawa, ambayo inaagizwa nje. Niliiona, imefunikwa kitambaa. Mzee mmoja wa pale, muungwana sana, alinionyesha ripoti. Kurasa zaidi ya 60, Kiingereza kitupu. Jiko langu nimelikuta humo ndani, linaitwa C.

Sisemi watafiti wetu hawafanyi kazi. Nasema kazi yao inaishia kwenye kabati, na anayekunja bati yuko Gerezani. Mzee yule yule alinisimulia kwamba Makerere, Kampala, chuo kina kituo cha utafiti wa nishati kinachopima majiko. Akanisimulia na Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambako maabara ya injini na nishati imewekwa ndani ya jengo la zamani la kufulia umeme. Hao walizishughulikia pikipiki za abiria za Ufilipino, zile za injini inayochoma mafuta nusu nusu, wakatafuta namna ya kuzirekebisha, na mwaka 2003 ikazaliwa kampuni ya Envirofit ambayo baadaye ikaingia kwenye majiko na kufika hadi Nairobi. Kwa hiyo inawezekana kitu kikatoka maabara kikafika barabarani.

Ombi langu kwa vyuo vyetu vyenye maabara za namna hii ni dogo. Fungueni mlango kwa mafundi japo siku moja kwa mwezi. Tutalipa, mimi niko tayari kutoa bei ya majiko mawili kwa kipimo kimoja, na najua wenzangu watatu watakaochanga. Majibu mtupe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha: limekula mkaa gramu ngapi, limetoa gesi kiasi gani, tundu liongezwe au liondolewe.

Halafu, tafadhali, msipime kwa maji peke yake. Maji hayasongwi. Mtu akisonga ugali wa watu sita analibana jiko kwa miguu, mkaa unatikisika na kushuka, majivu yanaziba vitobo vya chini, na hewa inakuwa nyingine kabisa. Maharage nayo yanapikwa saa 2 au 3 na kidirisha cha hewa kimefungwa karibu chote, ili moto uwe wa taratibu. Nina wasiwasi gesi ile inatoka zaidi hapo hapo, wakati mama ameinama anaonja chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hao hawakuwa wanachemsha lita 5 za maji chini ya feni.

Yale majiko mawili sijayauza. Yananing'inia kibandani, nimeyaandika kwa chaki, 12 na 8, na mteja akiuliza bei namwambia bado. Maabara yoyote itakayonunua hiyo gesi ya kusawazishia inijulishe kupitia gazeti hili. Wakinijulisha asubuhi, mchana niko getini na kiroba changu, na safari hii barua nitakuwa nayo.

Fundi wa majiko,
Gerezani, Dar es Salaam