Malalamiko: samaki saba wamekufa ndani ya siku nne, na mtoto wangu mmemliza dukani kwenu

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo. Namba ya risiti yangu mnayo, na yale maandishi ya nyuma yake kuhusu dhamana ya samaki kufa ndani ya saa 48 mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye Jumatatu pale kaunta.

Nimeingia na mwanangu wa miaka tisa, kashika kikopo cha aiskrimu chenye samaki watano waliokufa, maana risiti yenu inataka mteja aje nao. Kijana wenu kachukua kikopo, kafunua, kakunja pua, kamimina wote kwenye ndoo ya taka huku mtoto anaangalia, alafu ananiambia "mama, samaki wanakufa, kama umeona hasara nenda soko la samaki Feri, kule wapo wengi na bei poa." Wateja wawili wakacheka.

Meneja, mimi sikuja kununua kitoweo.

Tenki la samaki wa baharini mlilileta wenyewe Alhamisi jioni, lita 200, fundi wenu akakoroga chumvi humo humo kwenye tenki, maji bado yana ukungu mweupe akasema "kesho asubuhi weka samaki, hamna shida." Nikamuuliza mara mbili, kesho kweli? Akasema kesho. Ijumaa saa tatu mkaleta samaki saba kwa mpigo, wakiwemo kangaja wawili wa bluu, wale samaki bapa wa baharini, ambao sa hivi ndo najua hata mmoja tenki lile halimtoshi. Mfuko haukuelea kwenye tenki hata dakika tano joto lilingane, mtu wenu akaukata kwa mkasi akamwaga kila kitu, samaki na maji yenu ya dukani, pwaa. Hakuna kudondoshea maji ya tenki kidogo kidogo wazoee chumvi, hakuna kuzima taa, hakupima chumvi wala joto.

Jumamosi usiku wote walikuwa juu, midomo imetoka kwenye maji wanahema mbio mbio, mashavu yao ya kupumulia yamekuwa mekundu kwa ndani. Mwanangu alikaa na kiti mbele ya kioo mpaka saa sita, wawili wakafa anaangalia. Jumapili nimepiga simu yenu mara nne, hamkupokea, wakafa watatu. Sasa hizo saa 48 zenu zinahesabiwaje kama siku ya mwisho mmefunga simu?

Jamaa yangu anayefuga samaki wa bahari Tanga ndo kanifungua macho, na inaniuma kwamba nyie mnaouza mlikuwa mnajua. Tenki jipya halina bakteria wa kutosha, kinyesi na chakula kinachobaki kinageuka amonia, na amonia ndo inaunguza yale mashavu. Bakteria wanataka kama wiki nne mpaka sita waote kwenye mawe na filta, waigeuze amonia kuwa nitriti, nayo sumu, alafu nitrati isiyo kali sana, na amonia na nitriti zikishasoma sifuri ndo unaweka samaki mmoja au wawili wadogo, unasubiri tena wiki kadhaa kabla ya kuongeza. Nimenunua kipimo Jumanne, amonia miligramu 2 kwa lita! Wawili wa mwisho walishakufa Jumatatu usiku, tumetoka kwenu tukawakuta chini wamelala ubavu.

Na lile la ndoo narudia kwa sababu silali. Mtoto alinyoosha mkono apokee kikopo chake, kijana wenu akakipitisha juu ya kichwa chake akamimina. Yule mdogo wa machungwa mwenye mistari myeupe akanasa kwenye ganda la ndizi, jicho linatuangalia. Huyo mwanangu alimnunua kwa hela yake ya Idi, aliitunza tangu sikukuu. Kijana akajifuta mikono kwenye suruali akarudi kwenye simu yake. Hata pole hakusema. Mwanangu kalia kutoka mlangoni kwenu mpaka nyumbani.

Nilitaka niombe tu hela ya samaki, 280,000. Lakini kadiri ninavyoandika naona haitoshi, nataka 1,350,000 yote ya tenki, filta, hita na chumvi, mje mchukue vitu vyenu, na yule kijana aje amuombe mtoto msamaha uso kwa uso, sio kwa meseji. Nawapa siku saba kuanzia leo. Ya nane nitakuwa Tume ya Ushindani, wanaolinda walaji, na risiti, picha za kipimo na video ya Jumamosi usiku, na video hiyo hiyo inaingia kwenye magrupu yote ya wafugaji samaki hapa Dar, na jina la duka lenu nitaliandika kwa herufi kubwa.

Mteja wenu,
Mama wa yule mtoto wa kikopo